Tii zenu ni za aina gani, na mnazitunzaje?

Mwalimu wa Entebbe

Wanagofu, habari za wikendi. Mpira ukizama ziwani naumia, lakini angalau najua ulikokwenda. Tii je, kile kijiti cha kuwekea mpira kabla ya kuupiga? Naichomeka mwenyewe, miguu yangu iko pale pale, napiga, nainama kuiokota: haipo! Jumamosi nilitoka nyumbani na mfuko mpya, na kabla hatujamaliza shimo la tisa nikawa naomba kwa wenzangu kama mtu aliyeishiwa sigara. Zinazosalimika nazo mke wangu anazikuta chini ya karai la kufulia.

Msimamo wangu ni huu: mbao, nyeupe, zile ndefu za milimita 83 kwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali. Za kijani sijui zilitengenezewa nani. Kitu cha kupotelea kwenye nyasi, unakipaka rangi ya nyasi?

Nyinyi mnatumia zipi, na mnaziweka wapi? Asiniambie mtu "nunua nyingi", hoja hiyo nyumbani kwangu ilishapingwa.

Kedi wa Kitante

Salamu mwalimu. Tii hazipotei, mnazitafuta pasipo. Mpira umeenda mbele, basi na tii mnaifuata mbele. Draiva ikipiga kwa kupanda, mara nyingi kijiti kinaruka juu halafu kinaangukia nyuma yako. Mimi mpira naufuata kwa macho, tii naisikiliza. Kwenye nyasi kavu inalia "tik", hata kama mzee ninayembebea begi anaendelea kulalamikia upepo.

Halafu shimo fupi usiliharibie tii mpya. Zunguka zile alama za kuanzia, vipande vimejaa. Ukipiga kwa fimbo ya chuma, kipande cha urefu wa kiungo kimoja cha kidole kinatosha. Mpira ukae juu ya nyasi tu, usielee. Draiva ndiyo inayotaka nusu ya mpira ichungulie juu ya kichwa chake.

Bosi Plastiki

Mnahangaika bure. Nunua za plastiki, zile zenye kikombe na kituo chini. Unazamisha mpaka kituo kiguse udongo, basi, kimo ni kile kile kila mara. Yangu ya bluu imenihudumia tangu Pasaka. Mbao ni za watu wenye hela za kuchezea.

Mkata Nyasi

Bosi, karibu asubuhi uje kunoa visu vya mashine yangu. Kijiti cha mbao kikisahaulika nacho ni kero, ila angalau kinasagika na kuoza. Plastiki yako naikuta mwaka ujao, imekatika vipande na rangi haijapauka. Okoteni zenu jamani, hata zilizovunjika. Pale kuna kopo la vipande na wachezaji wanaliruka.

Fundi wa Jinja

Nyie wa Entebbe na Kampala mnacheza kwenye udongo laini. Njooni huku kiangazi, Januari au Februari, udongo mwekundu umekuwa tofali. Tii ya mbao inakatika shingo hata hujapiga. Dawa yake ni mwanzi: mgumu kuliko mbao ya kawaida, na unaoza vizuri, Mkata Nyasi atafurahi. Ardhi ikikaza zaidi, toboa kwanza kwa ile uma ya kurekebishia grini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo), ndiyo uchomeke.

Na sisi tuna kanuni yetu ya siku nyingi: mpira ukilala kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Ya tii iliyokanyagwa na kiboko haijaandikwa. Mwachie tu.

Dada wa Misuko

Mwalimu, mifuko ndiyo tatizo lako. Mimi nachomeka tii tatu kwenye misuko, juu ya sikio la kushoto. Sijainama mfukoni hata mara moja, na mashine ya kufulia haijawahi kuzila. Kaka wenye vipara, poleni, mna kofia.

Urefu wowote mtakaochagua, kanuni zinasema usizidi milimita 101.6. Na shukuruni hata mna kitu cha kupoteza, maana zamani walikuwa wanafinyanga kichuguu cha mchanga mbichi na kuweka mpira juu. Mwaka 1899 George Franklin Grant, daktari wa meno Mmarekani mweusi wa Boston, akapata hataza ya kijiti cha mbao chenye kichwa laini cha raba, lakini hakukifanyia biashara. Miaka ya 1920 akaja William Lowell na zake nyekundu, naye daktari wa meno! Wale walishazoea kushughulika na vishimo. Bingwa Walter Hagen alilipwa azitumie, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiziacha pale pale chini, watazamaji wanagombania kuziokota. Kwa hiyo mwalimu, huenda tii zako zina mashabiki.

Mwalimu wa Entebbe

Dada, mimi ni wa kundi la kofia. Kedi, nitageuka nyuma kabla ya kuanza kulaumu watu. Fundi, mwanzi unaupata wapi? Hapa dukani wana mbao na plastiki tu.

Fundi wa Jinja

Nina mfuko wa akiba, mwalimu. Nitaukabidhi kwa dereva wa teksi kesho asubuhi. Nauli ya kifurushi ni juu yako.