Ulinganisho: kujisitiri nyumba ya kupanga bila kutoboa ukuta (Mtwara). Stika, pazia, shedi neti au mianzi?

Mpangaji wa Chuno
Habari za jioni wadau. Nimehamia Chuno, chumba na sebule, choo ndani. Dirisha la sebuleni limetazamana na njia ya miguu, anayepita anaona mpaka mboga tunayokula. Nyuma kuna ua tunaochangia na wapangaji wengine wawili. Mkataba unasema hakuna msumari, hakuna kutoboa, hakuna kubadili rangi. Mawazo niliyonayo: stika ya ukungu ya kubandika kwenye kioo, stika ile inayong'aa kwa nje, pazia zito, na kwa uwani shedi neti (wavu wa kivuli) au mianzi. Hofu yangu ni joto, Disemba ukiziba upepo huku hulali. Aliyetumia atueleze.

Fundi Vioo
Mkuu, tenganisha mchana na usiku kwanza. Stika inayong'aa inamficha aliye upande wenye giza. Mchana nje kuna jua na ndani kuna kivuli, kwa hiyo wa nje anajiona mwenyewe tu. Saa moja jioni ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe ndiye unayejiona kwenye kioo, na wa njiani anakuona vizuri sana. Wateja wengi hawaambiwi hili dukani. Pazia la shia, lile jepesi linalopenyesha mwanga, nalo ni hivyohivyo. Ya ukungu inasitiri muda wote, ila usiku ukisimama karibu na kioo kivuli chako kinaonekana.

Halafu angalia dirisha lenyewe. Kama ni la aluminiamu la kusukuma, ukilifungua kioo kinaondoka na stika yake, pale penye upepo panabaki wavu mtupu. Kwa hiyo kwa sebule ya Mtwara ambayo dirisha liko wazi kutwa, mimi stika sikushauri, japo ndiyo riziki yangu. Iweke chooni, na kwenye kioo cha juu ya mlango.

Binti Masasi
Umenifungua macho fundi, maana mimi nimekaa na hiyo ya kung'aa nikidhani nimesitirika 😂

Kaka wa Chuno, fanya nusu pazia. Pima dirisha kwa ndani, nunua fimbo ya kujibana, ile yenye springi, unaikaza kati ya kingo mbili za ukuta bila msumari. Iweke juu kidogo ya macho ya mtu anayepita nje, usipimie macho yako wewe uliye ndani, maana nyumba nyingi sakafu imeinuka kuliko njia. Pazia lianzie hapo kushuka. Juu unaacha wazi, upepo na mwanga vinaingia. Ukikosa fimbo, funga kamba ya nailoni kwenye grili, ukiondoka unakata tu. Usitumie waya wa kufungia nondo, kwa chumvi ya bahari hii utaota kutu na kuchafua ukuta, na hapo ndipo mwenye nyumba atakapopata sababu.

Mzee wa Mikindani
Vijana mnahangaika na madirisha, mlango je? Sisi mlango unakaa wazi na pazia linaning'inia, hewa inapita toka mbele hadi uani, na mgeni anapiga hodi nje. Shida yake ni upepo wa kusi: kuanzia katikati ya mwaka linapeperuka na siri zote ziko nje. Dawa ni chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Nenda maduka ya nyavu, chukua chubwi ndogo chache, shonea kwenye pindo la chini. Kitambaa kiwe kizito kiasi, vitenge viwili vilivyounganishwa vinatosha.

Mama Mapacha
Shikamoo mzee. Naomba niongezee hapo: chubwi nyingi ni za madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mimi pindo nimelitia kokoto zilizooshwa, nimelishona juu na chini. Linatulia vizuri tu.

Mzee wa Mikindani
Marahaba mwanangu. Sahihi kabisa.

Mkazi wa Lindi
Nizungumzie uani. Shedi neti ya duka la pembejeo ni nyepesi, inakunjika siku ya kuhama, na upepo unapenya. Chukua yenye asilimia kubwa ya kivuli, ile ya 50 watu wanaona ndani. Lakini usiitandaze kipande kimoja kirefu, kusi likivuma inageuka tanga na kung'oa nguzo. Mimi niliigawa vipande vyembamba, kila kimoja na mianzi yake miwili, imesimama kwenye ndoo za rangi zilizojaa mchanga. Hakuna shimo hata moja.

Uzio wa mianzi unapendeza zaidi ila ni mzito, ndoo za mchanga peke yake haziuhimili. Makuti sahau kama kuna jiko la mkaa karibu. Yakikauka, cheche moja tu.

Jirani Mwema
Kuna mtu atazungumzia masikio? Nyumba yetu haina silingi, kuta zimeishia chini ya bati, mpangaji wa pili akikohoa nasema pole. Pazia hapo halisaidii chochote, sauti inapita juu.

Fundi Vioo
Hiyo bila silingi haitibiki, inapungua tu. Weka kabati la nguo lililojaa kwenye ukuta mnaochangia na usogeze kitanda upande mwingine. Feni nayo inafunika maneno. Mazungumzo ya hela kafanyieni barazani 😀

Binti Masasi
Barazani ndiyo utasikika hadi Ligula! Ila msiizibe baraza na hayo maneti. Majirani wa huku watasema umewanunia, na siku ukiibiwa hakuna aliyeona mtu.

Mkazi wa Lindi
Hapo sikubaliani, dada. Nusu ya baraza ukiikinga kwa jamvi, mama anapata pa kunyonyeshea bila kujifungia ndani. Salamu zinaendelea kama kawaida.

Mpangaji wa Chuno
Shukrani wakuu. Stika ya ukungu chooni, nusu pazia sebuleni, kokoto kwenye pindo la pazia la mlango. Ya kung'aa nimeifuta. Kwa uani nimemtumia mwenye nyumba picha ya ndoo za Mkazi wa Lindi kabla sijanunua chochote, ili ibaki kwa maandishi. Kajibu sawa, ila zisikae juu ya mtaro, mvua zikianza maji yatarudi ndani.

Mkazi wa Lindi
Zisogeze hatua moja toka mtaroni, na utoboe ndoo zako chini. Mchanga ukishiba maji bila pa kutokea, mbu watakuhamia.