Galaksi vibete kujipanga kwenye bapa moja: bahati, au nadharia ina kasoro?

Mleta mada:
Wakuu, hili limenikaa kichwani muda mrefu. Nadharia inayokubalika na wengi inasema galaksi kubwa imekaa ndani ya wingu la maada ya giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvuto wake tu), na galaksi vibete, yaani zile ndogo sana, huangukia humo zikitokea pande mbalimbali. Basi ungetarajia zitapakae kama nyuki waliotibuliwa wanavyouzunguka mzinga. Sasa tazama Njia Nyeupe, galaksi yetu: vibete 11 vinavyojulikana zaidi vimepangana kwenye bapa jembamba, lililosimama karibu wima juu ya sahani ya galaksi. Mwanaastronomia Lynden-Bell aliligusia mwaka 1976. Mwaka 2005 mwanaastronomia Kroupa na wenzake wakatamka wazi kwamba halipatani na nadharia.

Mwaka 2013 ikaja Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu. Kati ya vibete 27 vilivyopimwa, 15 viko bapa moja, na 13 kati ya hivyo vinaonekana kuzunguka upande mmoja. Mwaka 2018 ikawa zamu ya galaksi ya Centaurus A: vibete 14 kati ya 16 vinaonekana kuzunguka upande mmoja. Bahati mara moja naielewa. Mara tatu?

Mchangiaji:
Mkuu, hesabu nzuri, ila umeruka vumbi. Sahani ya galaksi yetu inaziba sehemu kubwa ya anga. Kibete cha Sagittarius kiko karibu kabisa nasi, na bado hakikugunduliwa hadi 1994 kwa kuwa kimejificha nyuma ya kitovu cha galaksi yetu. Ukichungulia juu na chini tu, usishangae kuona vitu vilivyosimama wima!

Halafu kuna Leo I na Leo II, mbili kati ya hizo 11, zilizo zaidi ya miaka nuru 700,000 kutoka hapa. Upimaji wa kawaida wa ubapa hukipa uzito mkubwa kitu kilicho mbali, kwa hiyo hizo mbili zinalivuta bapa zima upande wao. Mtafiti Sawala na wenzake walichukua vipimo vya mwendo vya Gaia, chombo cha angani kinachopima nyota, wakazirudisha galaksi hizo nyuma na kuzipeleka mbele kwa kompyuta. Bapa likayeyuka. Tumepiga picha ya watu wanaopishana njiani, tukasema wako kwenye foleni.

Mleta mada:
Hoja ya Leo mbili naikubali, imenipunguzia ubishi kwa upande wa Njia Nyeupe. Ya vumbi naikubali nusu. Vumbi linaficha kilipo kitu, haliamui kinakoelekea, na vingi kati ya hivyo 11 mizunguko yake inaelekea kulifuata bapa lilelile. Na vumbi letu halielezi mpangilio wa Andromeda, achilia mbali Centaurus A iliyo miaka nuru milioni 12 hivi kutoka hapa.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea kitu ambacho hamjagusa. Mbali na bapa, vibete vya Andromeda vimeegemea upande mmoja. Utafiti wa 2025 ulihesabu vibete 37, na vyote isipokuwa kimoja viko ndani ya nyuzi 107 za mstari unaotuelekea sisi. Katika mifano ya kompyuta, mpangilio kama huo hujitokeza kwa chini ya asilimia 0.3.

Mchangiaji:
Asilimia hiyo huihesabu baada ya kuona ajabu, mkuu. Ukitafuta maumbo ya kutosha angani, mojawapo litakuwa adimu. Na vibete husafiri kwa makundi: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, limekuja na vyake. Vikiingia pamoja, vitaonekana vimepangana.

Mleta mada:
Kundi moja linaeleza vibete vichache, si 13. Kwangu mimi shauri litaamuliwa na mwendo wa pembeni. Kwa Andromeda na Centaurus A, tunachokijua kwa vibete vingi ni kama kinatukaribia au kinatukimbia, basi. Kinavyokwenda kushoto au kulia hatujui. Darubini ya Hubble imepima vibete NGC 147 na NGC 185 vya Andromeda, na mwendo wake haukupingana na bapa. Mbili hazitoshi kumnyamazisha mtu, lakini zikifika kumi na zote zikaendelea kulifuata bapa, nitakuita hapa, mkuu, uniambie tena habari ya watu wanaopishana njiani.