Kufundisha taka, mashine rahisi na hali ya hewa bila maabara

Mwalimu wa darasa la nne, Tanga
Walimu wenzangu na wazazi, habari zenu. Wanafunzi wangu wanataja aina za nyenzo, zile mashine rahisi kama toroli, bila kukosea, lakini nikiwaonyesha toroli la shule na kuwauliza egemeo liko wapi, yaani pale linapozungukia likinyanyuliwa, wananyamaza. Vivyo hivyo kwa mvua na taka: maneno ya kitabu wanayo, ila hawayahusishi na wanayoyaona. Maabara hatuna. Naomba ushauri nianzie wapi.

Mwalimu mstaafu
Mwalimu, anza na chupa tupu ya maji, kwa kuwa ni taka inayoweza kugeuka kipimamvua. Chagua iliyonyooka ubavuni, ikate pale inapoanza kupungua kuelekea shingoni, kisha kipindue kipande cha juu na kukipachika kama faneli ili maji yasipotee upesi kwa mvuke. Kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa, tia kokoto na maji hadi kwenye mstari wa sifuri, na kuanzia hapo uchore milimita. Iwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, mkaisome kila siku saa tatu asubuhi, na baada ya kusoma mrudishe maji kwenye sifuri. Kisha waulize milimita 10 za mvua ni maji kiasi gani. Juu ya paa la bati la mita za mraba 20, hizo ni lita 200, yaani ndoo 10 za lita 20, na mtoto anayetumwa maji kila siku hahitaji kuelezwa uzito wa jibu hilo. Anzeni kabla ya masika.

Fundi baiskeli na mzazi, Morogoro
Kuhusu toroli, waache walisukume. Egemeo ni ekseli ya gurudumu, mzigo uko katikati na jitihada, yaani nguvu ya kunyanyulia, iko mikononi. Wapange matofali karibu na gurudumu, wanyanyue, halafu wayasogeze karibu na mishikio, wanyanyue tena. Mikono yao itawaambia kwa nini fundi hupakia mbele.

Mwalimu wa darasa la nne, Tanga
Ahsanteni sana. Kuhusu taka, nilifikiri tuzichambue, kisha tuchome zisizooza.

Mwalimu mstaafu
Kuchoma plastiki sikubaliani nako kabisa, kwani moshi wake una sumu. Fukieni ganda la ndizi, gazeti, kitambaa cha pamba na kifungashio cha biskuti, kila kimoja na kijiti chake cha alama, na kila mtoto aandike utabiri wake kabla ya kufukia. Mkifukua mwishoni mwa muhula, ganda litakuwa limeliwa na bakteria na kuvu, ilhali kifungashio kitakuwa vilevile. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwa nini Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wakati wao wakiwa wadogo mno kukumbuka. Betri msizifukie, kwa sababu kemikali zake huingia ardhini.