Je, daktari apokee chakula cha kampuni ya dawa?

Mleta mada: Ndugu zangu, juzi nilimpeleka mama kliniki ya presha. Mezani kwa daktari palikuwa na kalenda, kalamu na saa, vyote vina jina la dawa moja, na jina hilohilo ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha mama. Duka la dawa wakatuambia kwamba hiyo ni amlodipini tu, na kwamba ipo yenye jina lingine kwa bei ya chini sana. Marekani walikwisha kupiga marufuku mambo haya mwaka 2010. Sisi tunangoja nini, hali madaktari wananunuliwa kwa sahani ya pilau kwenye semina za kampuni za dawa?

Daktari mstaafu: Nimetumikia hospitali za wilaya kwa miaka 31, na hakuna aliyeninunua kwa pilau. Semina hizo ndizo zilizonifuata huko nilikokuwa, kwa sababu mwajiri hakuwa na fungu la kunipeleka mafunzoni. Na hizo dawa za bei ya chini unazozisifu, wapo wagonjwa ambao presha yao haikushuka mpaka nilipowabadilishia.

Mfamasia, Mwanza: Shikamoo daktari. Hilo la mwisho siwezi kulinyamazia, maana mgonjwa akilisoma, kesho ataacha vidonge vyake. Dawa hazisajiliwi na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kwa sababu ya umaarufu wa jina, na presha isiposhuka tunauliza kwanza kama mgonjwa anameza kila siku. Mleta mada naye arekebishwe: sheria ile ya 2010 haikukataza kitu, bali iliziamuru kampuni zitangaze hadharani zinachowalipa madaktari. Kutokana na taarifa hizo, utafiti wa mwaka 2016 uliona kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja, wa wastani wa chini ya dola 20, waliandika zaidi dawa ya kampuni iliyowalisha.

Daktari mstaafu: Marahaba. Huenda aliyekwisha kuipenda dawa ndiye anayealikwa. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Wala sikusema kwamba dawa hizo ni bandia, nimesema nilichokiona kwa wagonjwa wangu.

Muuguzi, Tanga: Tusiwaandame madaktari peke yao. Kati ya 1996 na 2001 kampuni ya Purdue ya Marekani, yenye OxyContin, dawa kali ya maumivu, iligharamia makongamano kwenye hoteli za mapumziko, na zaidi ya watu 5,000 walihudhuria, wakiwamo wafamasia na wauguzi. Mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba ilipotosha kuhusu hatari ya uraibu. Waliohudhuria nao waliamini kwamba wanafundishwa.

Mleta mada: Daktari, neno la pilau nimelifuta, uniwie radhi mzee wangu. Naomba unijibu moja: katika semina zote hizo, iliwahi kutajwa dawa ya kampuni nyingine kuwa inafaa zaidi, au ni nafuu zaidi?

Daktari mstaafu: Nimekaa nikakumbuka moja baada ya nyingine. Haikutajwa.