Mjadala: Ngoma ya Burundi ni ya nani, na kwa nini mwanamke asiipige?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa harusini hapa Bujumbura. Maharusi waliingia ukumbini kwa ngoma, ila ngoma zenyewe zilitoka kwenye spika. Batimbo, wapiga ngoma wenyewe, hawakuwepo. Kamati ilikuwa imepiga hesabu ya kibali na malipo, ikaona heri pesa hiyo iongeze kreti za vinywaji. Basi shangazi wa bibi harusi akainuka, akawa anapiga hewa kwa mikono mitupu, hakosi hata pigo moja. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee mmoja mezani kwetu ndiye hakucheka. "Hata hewa asiipige," akasema. Ubishi ulianzia hapo, na sijaumaliza.

Kwa wasiojua: Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayowakataza wanawake kupiga ngoma hizi. Wao wabaki na michezo ya jadi ya kike. Amri hiyohiyo inataka kila kikundi kisajiliwe wizarani, na kupiga nje ya sherehe rasmi kunahitaji ruhusa na malipo ya faranga 500,000 kwa serikali. Wakati huo ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu UNESCO iiweke ngoma yetu kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote, 2014.

Hoja ya mzee si ya kubezwa. Anasema ngoma ni mwanamke. Na kweli, sehemu zake zina majina ya mama: amabere (matiti), umukondo (kitovu), urugori (taji la uzazi), icahi (ngozi ya kubebea mtoto). Mwanamke atampigaje mwanamke mwenzake? Nikamuuliza, mwanamume akimpiga ndiyo sawa? Hakunijibu. Nikamkumbusha pia kwamba Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ilikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kuitunza, Mukakaryenda, mke wa Karyenda. Hakuna mtimbo aliyekuwa karibu na ngoma ile kumshinda yeye.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kingine. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na ni utawala pia, neno moja. Ilipigwa kwa ajili ya mwami, yaani mfalme, wakati wa Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, na waliopiga walikuwa watu wa koo maalumu, kama wale wa kilima cha Gishora, karibu na Gitega. Novemba 1966 Micombero, mwanajeshi aliyetwaa madaraka, akaufuta ufalme. Tangu hapo ngoma imepokea wageni uwanja wa ndege, imeingia viwanja vya mpira, na 1982 ikapanda jukwaa la tamasha la WOMAD kule Uingereza. Mtoto wa ukoo wowote akajifunza. Yote hayo jadi haikuyajua, na hakuna aliyelia kuwa mila imekufa. Mila ilikumbukwa msichana aliposhika fimbo.

Na tusisahau tumetoka wapi. Baada ya vita vilivyoanza 1993, alipouawa Rais Ndadaye, ngoma ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu wa kilima chochote anaviita vyake bila kuulizwa yeye ni Mhutu au Mtutsi. Kitu kama hicho kikiwekewa bei, mwenye nacho ni nani? Karibuni.

Mchangiaji wa Gitega:
Ndugu yangu, wewe wa mjini unaongea kwa raha. Mimi nimekulia si mbali na Gishora. Kabla ya amri ile vijana walikuwa wanapiga hata duka la simu likifunguliwa, wamevaa vitambaa vya ajabu, inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza nyingine, wamempa asiyejua kuongoza. Umuvugangoma, tunaochongea ngoma, ni mti, unakatwa, hauoti kwa wiki. Lazima mtu aseme basi. Na mama zetu wana nyimbo zao ambazo sisi wanaume tukiziimba tunachekwa. Mbona hamzidai hizo? Heshima ya mwanamke imekuwa lazima ashike fimbo ya mwanamume?

Mchangiaji wa Kigali:
Mwiko huo tulikuwa nao pia. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese akaanzisha Ingoma Nshya kule Butare, kikundi cha wanawake watupu, wakiwemo walionusurika mauaji ya kimbari na waliotoka kwenye familia za waliohukumiwa. Wanapiga mpaka leo. Hakuna laana iliyoshuka.

Mchangiaji wa Unguja:
Shikamooni. Huku kwetu Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipiga msondo wa unyago mpaka uzeeni. Ngoma ile ni ya wanawake, mwanamume akisogea anatimuliwa, wala hatusemi ameonewa. Kwa hiyo kukatazana kwenyewe si kitu kigeni. Ila kwetu anayekataza ni kungwi. Rais hajatia saini popote.

Mwanzisha mjadala:
Bibi wa Unguja amesema nilichokuwa natafuta maneno yake. Kaka wa Gitega, duka la simu nakuunga mkono, liliniudhi na mimi. Lakini wazee wa koo za batimbo wangeweza kukemea, tena wangesikilizwa. Sasa wao wenyewe wanaomba kibali. Na wale waliokimbia machafuko ya hapa Burundi 2015 wanapiga Ubelgiji na Kanada, ambako binti zao wakitaka kujifunza hakuna wizara ya kuwazuia. Labda siku moja wa hapa atafundishwa na wa kule, kwa video.

Mdogo wangu anaoa Agosti. Anayejua bei ya kukodi spika nzuri aniandikie.