SHA kwa wazazi waliozeeka: je, makato yangu yanawafikia?

Kifunguamimba

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limegawanya mkutano wa familia yetu. Mimi ni mwajiriwa, na mshahara wangu kabla ya makato ni Sh60,000. Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali ya Kenya, nilikuwa nikikatwa Sh1,300 kila mwezi, lakini tangu SHA, iliyochukua nafasi yake, ianze kazi Oktoba 2024 ninakatwa Sh1,650. Mke wangu anauza nguo sokoni, nasi tuna watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka 19 na yuko chuoni. Ndugu yangu anayenifuata ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wazazi wetu wako mashambani: baba ana miaka 74, mama ana 69, na mama anaugua kisukari pamoja na shinikizo la damu.

Zamani wazazi walilipiwa Sh500 kwa mwezi, nasi watoto tulipokezana kuzituma kwa simu, hivi kwamba hakuna aliyeelemewa. Sasa tumeambiwa mchango wao ni wa mwaka mzima na unalipwa kwa mkupuo mmoja. Ndugu yangu anashikilia kwamba kwa kuwa makato yangu yameongezeka, ninapaswa kuwaingiza wazazi chini ya jina langu. Dada yetu naye anataka tuachane kabisa na SHA, tuchange tuwanunulie bima ya kampuni ya kibinafsi. Sheria inasemaje, na mama atatibiwa wapi?

Karani wa Mishahara

Nimeshughulikia mishahara tangu wakati wa NHIF, kwa hiyo nitaanza na makato yako, kisha nije kwa wazazi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, pamoja na kanuni zake, iliondoa viwango vya NHIF vilivyopangwa kwa ngazi, ambavyo vilikuwa vinaanzia Sh150 na kuishia Sh1,700, ikaweka asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu na bila kushuka chini ya Sh300 kwa mwezi. Mwajiri haongezi chochote juu ya mchango wako. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha. Kwako ongezeko linaonekana kuwa Sh350, lakini tazama pia mstari wa kodi katika hati yako ya mshahara. Mchango wa NHIF ulikuwa ukikupa nafuu ya kodi ya asilimia 15, yaani Sh195, hivyo gharama yako halisi ilikuwa Sh1,105. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa SHA unaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako inatozwa asilimia 30, unaokoa Sh495 na kubaki na gharama ya Sh1,155. Tofauti ni shilingi hamsini. Ikiwa idara yenu ya mishahara bado haihesabu hivyo, wadai warekebishe.

Hali ni tofauti kwa wengine. Anayepata Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 na sasa anakatwa Sh550, ilhali anayepata Sh200,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh5,500. Naona haki katika mpangilio huo, ingawa najua wenzangu wengi wa mshahara mkubwa hawakubaliani nami.

Kuhusu familia, mchango wako unamlinda mkeo na watoto wenu. Kijana wa miaka 19 hatoki, kwa sababu mtoto anayesoma na asiye na kipato chake mwenyewe anaendelea kulindwa hadi miaka 25, mradi awe ameandikishwa kama mtegemezi wako. Wazazi, hata hivyo, hawaingii. Hawakuwamo katika kadi yako ya NHIF na hawamo sasa, hata makato yako yakiwa makubwa kiasi gani. Wao ni kaya yao wenyewe: baba ajisajili, amtaje mama kama mke wake, na mchango mmoja utawatosha wote wawili.

Usiogope neno "mwaka mzima" kabla ya kupiga hesabu. Sh500 kwa mwezi zilikuwa Sh6,000 kwa mwaka. Kaya inayopangiwa kiwango cha chini hulipa Sh3,600. Ugumu uko katika kuzipata kwa pamoja, na katika tathmini ya uwezo, yaani maswali ya kukadiria kipato cha kaya isiyo na mshahara, ambayo huenda isiwapangie kiwango hicho.

Muuguzi wa Kaunti

Nataka kugusia matibabu yenyewe, maana familia nyingi hufika kwetu zikiwa zimelipa vizuri kisha zikakwama mlangoni.

Mageuzi haya yaliunda hazina tatu. Ya kwanza hugharamia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na pesa zake hutoka serikalini. Mtu anachohitaji ni kuwa amesajiliwa, hata kama mchango wake haujalipwa. Ya pili ndiyo mnayoichangia, nayo hulipia mambo kama kulazwa, upasuaji, uzazi na kusafisha damu kwa wenye maradhi ya figo. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, na kwa magonjwa sugu huanza kufanya kazi pale kiwango cha hazina ya pili kinapomalizika.

Kwa mama yenu, maana yake ni kwamba vipimo vya kawaida vya sukari na presha vianzie katika kituo cha afya kilicho karibu chenye mkataba na SHA, si katika hospitali kubwa. Wazee wengi wamezoea kwenda moja kwa moja hospitali ya kaunti kwa sababu wanaiamini, na nawaelewa, kwa maana vituo vya chini mara nyingine huishiwa na dawa. Hata hivyo, huko juu mgonjwa wa kuja na kurudi nyumbani anaweza kujikuta akilipa mwenyewe, akidhani bima imemkataa. Mchango wa mwaka atauhitaji siku sukari itakapompanda akalazwa, au, Mungu apishe mbali, figo zikishindwa. SHA ilipoanza, kipindi kimoja tu cha kusafisha damu kilipangiwa Sh10,650, na mgonjwa huhitaji zaidi ya kimoja kwa wiki.

Kuna jambo moja dogo ambalo limewatesa wazee mbele ya macho yangu. Wengi walisajiliwa na wajukuu kwa kutumia nambari za simu za wajukuu. Mzee alipofika dirishani, ujumbe wa kuthibitisha ulikwenda kwenye simu iliyo mjini, mikononi mwa kijana aliye darasani au kazini, na bibi alikaa kwenye benchi saa nzima akisubiri tarakimu ambazo hakuziona. Alama za vidole nazo zina shida yake, kwa maana vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote vimesuguliwa hadi mistari ikafifia. Msajilini kila mzazi kwa simu anayoishika yeye mwenyewe, na hakikisheni jina la mama linaonekana katika akaunti ya baba kabla hajaugua. Mkipiga *147# mtaona.

Mwalimu Mstaafu

Mimi ni wa rika la baba yenu, hivyo nitasema bila kuzunguka. Nilipostaafu, makato ya mwajiri yalikoma na nikawa ninajilipia. Kijana aliyeajiriwa hukatwa kidogo kidogo bila hata kukumbuka. Mzee asiye na mshahara ndiye anayedaiwa ya mwaka mzima mapema, ilhali yeye ndiye mwenye kipato kisichotabirika. Hilo ni kosa la mpangilio, na linafaa kurekebishwa.

Tathmini ya uwezo pia inatuumiza sisi tuliojengewa na watoto. Maswali yake huhusu kuta, paa, maji, taa na mifugo. Mzee anaishi katika nyumba ya mawe aliyojengewa na wanawe, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na hana shilingi mfukoni. Karatasi inamwona kuwa mtu mwenye nafasi. Mkae na baba wakati anajibu maswali hayo. Asidanganye, lakini asijibu kana kwamba mali ya watoto ni mapato yake.

Kuhusu pendekezo la dada yenu, ulizeni kampuni hizo umri wa kuanza kuwapokea wateja na kama zitalipia kisukari kilichokuwapo kabla ya bima. Nyingi hazimpokei mtu mpya wa miaka 74, na zinazompokea hutoza ada ambayo fundi wa kuchomelea hataimudu kila mwaka. SHA haimkatai mtu kwa uzee wala kwa ugonjwa alio nao tayari, na kwa mama yenu hilo peke yake lina uzito mkubwa.

Kifunguamimba

Nawashukuru sana, hasa kwa hesabu ya kodi, kwa kuwa sikuwa nimeiona. Yaliyosemwa kuhusu nyumba ndiyo yaliyotufika. Tuliwajengea wazazi nyumba ya mawe, na tathmini imewapangia kiasi kinachozidi mara tatu kile cha chini. Je, tulipe kwanza, au tuombe ipitiwe upya? Na ndugu yangu fundi je? Hajasajiliwa kwa sababu anasema haumwi.

Karani wa Mishahara

Ombeni ipitiwe upya. Baba aende na kitambulisho chake katika ofisi ya SHA ya kaunti au katika Huduma Centre, afuatane na mmoja wenu, aeleze kwamba nyumba ilijengwa na watoto na kwamba hana mapato ya kila mwezi. Ikiwa hali ni duni kabisa, aulize pia kuhusu kaya ambazo serikali huzilipia mchango. Kupokea fedha za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kusiwafanye mdhani kwamba jambo hilo limekwisha kushughulikiwa.

Hata hivyo, msikubali ombi hilo liwaweke bila ulinzi kwa miezi. Jipeni hadi mwisho wa mwezi ujao, na jibu lisipopatikana, lipeni kiasi kilichopangwa. Mama aendelee na kliniki ya kituo cha afya wakati huo wote. Msipoweza kukusanya kwa pamoja, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaogawanya mchango wa mwaka kwa awamu. Someni masharti ya marejesho kabla ya kukubali, kwa maana atakayedaiwa ni aliyetia jina lake.

Ndugu yako ajisajili leo, kwa kuwa usajili haulipiwi na utamfungulia huduma za zahanati. Mtu anayefanya kazi na moto na vyuma bila mchango wa kulazwa anawaachia nyinyi nyote deni la hospitali, na katika mkutano wenu ningelizungumzia hilo kabla ya suala la wazazi.