Yai ya chatu imepasuka lakini katoto hakatoki, nifanye nini?

Kijana_Himbi: Wakubwa munisaidie, mayai ya chatu wangu, wale wanajikunja kama mpira, jana siku ya 57 moja imepasuka, katoto katoa kichwa tu mpaka sasa hakatoki, nikavute? Na Goma usiku baridi, umeme nao unakatika.

Mzee_Katindo: Usikavute mdogo wangu! Bado kanamaliza kiini, kanaweza kubaki humo siku moja ao mbili, ukikavuta utakata mishipa kamwage damu. Mayai usigeuze, joto ibaki digrii 31 hivi, umeme ukikatika weka chupa za maji ya moto pembeni ya boksi.

Dada_Ndosho: Chakula ngoja, kabadilishe ngozi kwanza, kama wiki moja hivi, kisha njo unakapa kapanya kadogo. Maji safi kila siku.

Kijana_Himbi: Aksanti yaya, kametoka saa hii!!